Kioo kikubwa, redio ya Kijapani au simu yangu tu?

Assalaam alaykum, mshauri wetu.

Mimi ni dereva wa Fuoni, hapa Unguja. Nilifanya kazi ya mapokezi hotelini kwa muda mrefu, kisha nikaona bora nitafute changu. Tumeagiza Noah ya mwaka 2010 kutoka Japani, mimi na ami yangu, nusu kwa nusu. Nusu yake ni pesa ya karafuu. Yeye anakaa Wete, Pemba. Nusu yangu ni akiba pamoja na mchezo tuliokuwa tukicheza kazini. Gari linabeba wageni: uwanja wa ndege kwenda Paje, Nungwi na Kiwengwa, na siku nyengine kutoka Mji Mkongwe kwenda Jozani na kurudi.

Shida yangu ni redio. Iliyokuja na gari ina kioo, lakini kila kitu kimeandikwa Kijapani. Nikiwasha inaleta maandishi na kudai kadi ambayo haimo. Nikiingia upande wa FM napata stesheni mbili tu, tena moja inakoroma.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Jioni moja nilipokea mume na mke na watoto wao wawili, wanakwenda Michamvi. Nilikuwa na jina la hoteli tu. Simu niliiweka mapajani kwa sababu sina pa kuiweka, na tulipoipita Jozani intaneti ikakatika, ramani ikabaki kijivu. Nikaenda mpaka Pingwe, kumbe hoteli iko Kae, upande wa pili. Kiza kimeingia, mtoto mdogo analia, mimi nauliza watu njiani. Tulifika. Wageni hawakusema neno baya, lakini siku ya kurudi waliita gari jengine. Limeniuma sana lile.

Nyumbani kila mtu na lake. Mtoto wa ami, ambaye ananipokea usukani siku za Ijumaa, anataka redio ya Android ya inchi 10 aliyoiona Darajani, laki nne na nusu pamoja na kufungwa, halafu sabufa nyuma. Anasema wageni wanapenda gari lenye muziki. Muuzaji mmoja wa Dar amenitajia redio ya inchi 7 ya kampuni kubwa ya Kijapani, ile inayoleta simu kwenye kioo, karibu laki tisa bila ya ufundi. Ami hataki kusikia lolote. Anasema redio iliyokuja na gari isiguswe, gari likishakatwa waya haliwi tena, na kama pesa ipo basi zinunuliwe tairi.

Mimi nina laki sita mkononi, basi. Ninunue ipi? Ramani za hizi redio zinafanya kazi bila ya bando? Na nizungumze vipi na ami bila ya kumvunjia heshima? Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki, na sijawahi kumpinga.

Dereva wa Fuoni

—

Waalaykum salaam, ndugu yangu.

Nianze na ami yako, maana katika maneno yake mna mambo mawili ya kweli, na yote mawili yanagusa hizo laki sita.

La kwanza ni tairi. Magari haya mara nyingi yanashuka bandarini na tairi zilezile zilizokuwa zikitumika Japani. Unaziona kashata bado zimejaa, roho inatulia, kumbe mpira umeshazeeka. Kabla ya kusoma mbele, toka nje ukaangalie ubavuni mwa kila tairi. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho katika mstari huo. Kama huzioni upande wa nje, ziko upande wa ndani. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2314, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi iliyopita miaka kumi, hata iwe inang'ara, haifai kubeba familia ya watu kwa mwendo wa barabara ya Nungwi. Ukizikuta za namna hiyo, ami kasema kweli na redio isubiri. Simu yako na kishikio kizuri vitakutosha kwa sasa, na nitakueleza namna ya kuvitumia.

La pili ni waya. Nyuma ya redio ya Toyota mna plagi mbili za kiwandani, moja ya pini 10 inayobeba umeme na spika za mbele, na nyengine ya pini 6 ya spika za nyuma. Madukani kuna adapta inayoingia humohumo upande mmoja, na upande wa pili inaunganishwa na waya za redio mpya. Ni kitu cha bei ndogo sana. Lakini mafundi wengi hawaitumii; wanachukua mkasi, wanakata plagi ya gari, wanasokota waya na kuzifunga tepu. Kwenye hewa yetu ya chumvi shaba iliyosokotwa vile haichukui muda kuota kutu ya kijani, na hapo ndipo zinapoanza spika kukatika katika na fyuzi kuungua bila ya sababu ya kuonekana. Hofu ya ami imetoka kwenye magari aliyoyaona. Msikilize.

Sasa turudi Michamvi, kwa sababu nadhani umeilaumu redio kwa kosa lisilokuwa lake.

GPS haina haja ya intaneti. Setilaiti zake zinazunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, kila moja inatangaza saa na mahali ilipo, na kipokezi kilichomo ndani ya simu au redio kinapiga hesabu chenyewe kujua kiko wapi. Hakitumi kitu, hakiombi kitu, hakili bando. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe, ile michoro ya barabara na majina. Kwa hiyo usiku ule, ulipoipita Jozani, simu yako ilikuwa inajua barabara gani uko. Ilichokosa ni ramani ya kukuonesha. Ungekuwa na redio ya laki tisa badala ya simu, na ramani haikupakuliwa, kioo chake nacho kingekuwa kijivu vilevile.

Na la pili la usiku ule ni anwani. "Michamvi" si anwani. Rasi nzima inaitwa hivyo, na Pingwe na Kae zimepeana mgongo, moja inatazama mashariki na nyengine magharibi. Hata wewe uliyefanya kazi hotelini ulikosea. Kifaa kilichotiwa jina la hoteli tu nacho kitakosea, khasa hoteli ndogo ambazo jina lake kwenye ramani limewekwa na mtu aliyekuwa hana uhakika.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanya haya leo usiku ukiwa kwenye Wi-Fi. Fungua Google Maps, nenda kwenye ramani za nje ya mtandao, chora kipande kinachofunika Unguja na Pemba zote mbili, na ukipakue. Vinaingia vyote kwenye kipande kimoja. Ramani hiyo ina muda wake wa kuisha, kwa hiyo isasishe kila unapopata mtandao wa bure. Kisha pakua na Organic Maps, ambayo ni bure na inatumia data ya OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, nayo uipakulie Tanzania. Zikiwa mbili, moja ikikosa njia ya ndani nyengine mara nyingi inayo. Visiwa vyetu vina bahati katika hili: kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilivipiga picha kutoka angani kwa droni, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, na picha hizo zikawekwa wazi kwa wachoraji wa ramani.

Baada ya hapo, jiwekee sharti: hapakiwi mgeni bila ya lokesheni. Siku moja kabla, piga simu hoteli, waambie wakutumie lokesheni kwa WhatsApp, wakiwa wamesimama getini kwao, si ofisini mjini. Ihifadhi kwenye ramani kwa jina unalolijua wewe. Ukitumiwa namba mbili za mahali (latitudo na longitudo) badala ya lokesheni, zisome kabla ya kuzitia. Kwa namba ya kwanza, Unguja yote iko kati ya -5.7 na -6.5, Pemba kati ya -4.8 na -5.5, na namba ya pili kwa visiwa vyote inaanza na 39. Ile alama ya kutoa ina kazi: ukiisahau, ramani itakutafutia njia ya kwenda kusini mwa Ethiopia.

Hayo yote hayakugharimu kitu, na yangekufikisha Kae kabla ya magharibi.

Sasa ndiyo tuingie kwenye vyombo.

Redio ya Kijapani uliyonayo haijaharibika. Iko nje ya kwao. Japani FM yao inaanzia 76, na kwa redio za umri wa gari lako inaishia 90. Siku hizi wameipandisha mpaka 95. Kwetu stesheni zimetandazwa kutoka 87.5 mpaka 108. Zinapokutana ni kile kipande kidogo cha 87.5 mpaka 90, na ndiyo maana unapata stesheni mbili. Kadi inayodaiwa ni kadi ya ramani na programu yake, na hata ukiipata utapata ramani ya Japani. Televisheni iliyomo nayo haitashika, mfumo wao wa dijitali si wa kwetu. Kuna kidude kinachofungwa kwenye waya wa antena kinachoteremsha masafa. Ukichukua cha 20, stesheni iliyoko 100 utaikuta kwenye 80, lakini zote zilizo chini ya 96 zinatoweka. Ukichukua cha 12, unapata zile za kati ya 88 na 102, unapoteza za juu yake. Ni dawa ya mtu asiyetaka kugusa kitu. Kwako wewe, ambaye kioo hicho huwezi hata kukisoma, sioni faida ya kukitilia pesa.

Redio ya Android ya inchi 10 nitaizungumza kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayowapata vijana wengi na mtoto wa ami si wa kulaumiwa. Hii ni kompyuta ndogo iliyotiwa kwenye dashibodi. Ina ramani zake, programu zake, kumbukumbu yake. Nzuri zake ni nzuri kweli. Tatizo ni kwamba hivi vitu kwa nje vinafanana vyote, na sanduku linaandikwa chochote. Utaambiwa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na uhifadhi wa GB 64, na hata ukifungua mipangilio utasoma 4 na 64, kwa sababu hayo maandishi yanabadilishwa kiwandani. Yenye RAM ya 1 au 2 inafungua ramani, ukiwasha muziki inasita, ukitia rivasi picha ya kamera inachelewa. Dereva anayerudi nyuma pale uwanjani, watoto na masanduku kila upande, hawezi kuisubiri kamera.

Kuna na jua. Kioo cha bei nafuu unakiona vizuri dukani, lakini saa saba mchana barabara ya Chwaka huoni kitu. Inchi 10 inafungwa kwa fremu inayotokeza mbele ya dashibodi. Kwenye magari mengine inaziba matundu ya kiyoyozi au inafika juu ya swichi ya hazadi. Na bado ukitaka ramani yenye foleni na mabadiliko ya leo, utairushia intaneti kutoka kwenye simu, kwa hiyo simu haikukwepeka.

Kama moyo wa mwenzio umeshakaa hapo, mwambieni muuzaji afanye haya mbele yenu: aizime kabisa, aiwashe, awashe ramani na muziki kwa pamoja, kisha aunganishe kamera na atie rivasi. Aitoe nje ya duka juani. Akikataa, mmeshajua.

Ile ya laki tisa siigombi. Redio za kampuni kubwa kama Pioneer, Kenwood, Sony au Alpine zina sauti safi na kioo kinachosomeka, na zinaishi muda mrefu, ingawa majina hayohayo ndiyo yanayoghushiwa zaidi, kwa hiyo duka liwe la kuaminika na risiti iwe na dhamana. Lakini usikope. Huna laki tisa, na juu yake kuna ufundi, adapta na fremu. Kukopa laki tatu na ushee kwa ajili ya redio, wakati huenda gari linadai tairi, ni kumpa ami sababu ya kutokuamini mahesabu yako tena.

Ninachokushauri kiko katikati, na wauzaji hawakitangazi kwa sababu faida yake ni ndogo: redio nyepesi ya inchi 7 isiyo na Android ndani yake, lakini yenye Android Auto na Apple CarPlay. Kazi yake ni kuichukua simu na kuileta kwenye kioo. Inawaka kwa sekunde chache, haina programu za kuzeeka, na kwa kawaida bei yake iko chini ya hiyo ya inchi 10. Ramani inayoonekana ni ile uliyoipakua kwenye simu yako. Google Maps na Organic Maps zote zinakubali kutumika kwa njia hii. Wewe ukiendesha inaonekana simu yako, siku ya Ijumaa inaonekana ya mwenzio, na lokesheni za wageni zinabaki kwa kila mmoja na wake.

Mambo ya kuangalia ukiinunua si mengi. Simu ya Android iwe na toleo la 9 kwenda juu kama utatumia waya, na 11 kama unataka bila waya. Ya iPhone, kuanzia iPhone 5 inakubali. Nenda dukani na simu yenu zote mbili, na waya wenu, muunganishe hapohapo, mfungue ramani, muizime intaneti, mjaribu kutafuta njia ya kwenda Makunduchi. Ikikubali na simu zenu, lipeni. Isipokubali, maneno ya "ukifika nyumbani itakaa sawa" msiyakubali. Upana nao muuangalie. Tundu la redio kwenye Toyota nyingi za Japani lina milimita 200, na redio za kawaida za aina hii ni milimita 180 kwa 100. Ama nunua iliyotengenezwa kwa upana wa Toyota, ama chukua na vipande vya plastiki vya kuziba pembeni, milimita 10 kila upande. Bila hivyo utaishi na mapengo mawili yanayoingiza vumbi.

Kwa fundi, kaa hapo mpaka amalize. Sitaki ujue umeme wote, jua waya tatu. Njano ni ya umeme wa kudumu unaohifadhi saa na mipangilio. Nyekundu inapata umeme ukizungusha ufunguo tu. Nyeusi ni ya bodi, yaani chuma cha gari. Baadhi ya mafundi wakiharakishwa wanaunganisha njano na nyekundu pamoja, redio inawaka vizuri, unafurahi, na baada ya siku mbili za kuegesha gari betri imekufa, alfajiri, na mgeni anakungoja uwanjani. Na zikipishana, utaona redio inasahau saa na stesheni kila ukizima. Mwambie fundi apime kwa mita gari likiwa limezimwa na milango imefungwa: umeme unaovuja usizidi amperi 0.05. Viungo vyote vichomewe au vibanwe kwa viunganishi vyake, halafu vivishwe mpira wa kubana kwa moto. Kama gari lilikuja na kamera ya nyuma ya kiwandani, isipewe umeme wa moja kwa moja wa volti 12. Nyingi za Toyota zinatumia volti ndogo zaidi, na zinaungua mara moja. Nayo ina adapta yake.

Utaona na waya wa kijani kibichi chepesi unaokwenda kwenye breki ya mkono. Huo unazuia video isicheze gari likitembea. Mafundi wana tabia ya kuugandisha kwenye bodi ili video iwe inacheza wakati wote, tena wanakufanyia kama zawadi. Kataa. Umebeba roho za watu.

Na mpaka hapo redio itakapokuwa tayari, au kama tairi zimeimeza pesa yote, simu inakutosha, ila usiiweke mapajani tena. Wala usiibandike kwenye kioo cha mbele. Apple wenyewe wanaandika kwamba iPhone ni ya kutumika kwenye joto la nyuzi 0 mpaka 35, na nyuma ya kioo cha gari, miezi ya kaskazi, joto linapita hapo. Simu inapunguza mwanga, kisha inajizima katikati ya safari. Tumia kishikio kinachobana kwenye tundu la kiyoyozi, ubaridi uipige mgongoni. Chaja iwe nzuri, maana ramani inakula chaji haraka kuliko chaja dhaifu inavyoingiza. Na kama kioo cha mbele kina tintedi yenye madini, mwambie fundi akuondolee ukanda kidogo. Aina hiyo inazuia mawimbi ya GPS.

Kuhusu kuzungumza na ami, usimpigie simu. Jambo la mali ya pamoja na la mzee aliyekulea halimalizwi kwa simu ya dakika tano. Utakapovuka kwenda Wete, au akija yeye Unguja, mpe shikamoo yake, kaeni, na uanze na tairi. Mwambie umezisoma tarehe zake, umtajie. Kama zinahitaji kubadilishwa, mwambie zitabadilishwa kwanza, na umwambie kwamba alikuwa sahihi, kwa sababu alikuwa sahihi. Kisha mueleze ya Michamvi. Barua yako hainioneshi kama anaijua. Mzee aliyetia pesa ya karafuu kwenye gari anastahili kujua kwamba gari limepoteza wateja, na kwa nini. Ukimficha, atakuona unataka redio kwa ajili ya kujipamba.

Halafu muoneshe adapta. Ichukue mkononi, mpe aishike. Mwambie hakuna waya wa gari utakaokatwa, redio ya Kijapani itatolewa nzima na kuwekwa ndani ya sanduku, kwake Wete akitaka, na siku yoyote akisema irudi itarudi kwa muda wa saa moja. Hilo si la kumridhisha kwa maneno. Lifanye kweli, na fundi akishamaliza mpigie picha ile plagi ya kiwandani ikiwa salama umtumie. Na ukimaliza kueleza, nyamaza. Usimtake jibu palepale mbele ya mwanawe. Akisema "tutaona", kubali, ulale, kesho yake mkumbushe kwa upole.

Mtoto wa ami zungumza naye peke yake, na kabla ya kwenda kwa mzee, ili pale msivutane. Sabufa kwenye Noah inakaa pale pale panapokaa masanduku, na kazi yenu ni masanduku. Familia ya watu wanne ikitoka uwanjani na mizigo yake, utaiweka wapi? Lakini hamu yake ya sauti nzuri isidharauliwe. Spika za gari la 2010 mara nyingi karatasi zake zimechoka, na hata redio ya laki tisa ikiunganishwa nazo italia vibaya. Nunueni jozi moja ya spika za milango ya mbele, za sentimita 16, omu 4. Wala msidanganywe na "wati 50 mara nne" iliyoandikwa kwenye redio. Hicho ni kilele cha mara moja, na hata redio za kampuni kubwa zenye maandishi hayo hutoa kiasi cha wati 22 kwa kila spika kwa mfululizo. Spika za kiasi hicho zinatosha kabisa. Siku moja akitaka kuongeza amplifaya kwa pesa yake, waya wake utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45, la sivyo waya ukichubuka popote njiani unaweza kuwasha moto.

Ijumaa yake ya kwanza na redio mpya, mwachie yeye achague cha kusikiliza akiwa hana mgeni. Akiwa na mgeni aliyetoka safari ya usiku kucha, aulize kwanza.